Mtengenezaji wa "The Message" na kisu cha "Halloween"

Jina la Moustapha Akkad si geni kwa Waislamu wengi. Huyu ndiye mwana wa Halab, nchini Syria, aliyetengeneza picha ya "The Message" mwaka wa 1976, ile inayosimulia mwanzo wa Uislamu hadi kufunguliwa kwa mji wa Makka. Baadaye akatoa "Lion of the Desert", juu ya Sheikh Omar Mukhtar na vita vyake na Wataliani huko Libya. Hapana shaka wapo miongoni mwetu waliomjua Anthony Quinn kwa sura ya Sayyidna Hamza kabla hawajalijua jina lake mwenyewe.

Lisilojulikana sana ni kwamba mtu huyo huyo, miaka miwili tu baada ya "The Message", alitoa fedha zilizotengeneza picha ya kutisha ambayo mpaka leo huhesabiwa kuwa kigezo cha picha zote za muuaji mwenye kisu. Picha hiyo ni "Halloween", ya mwaka wa 1978. Kisha hakuiacha. Aliishika kwa miaka 27, hadi kufa kwake.

Msomaji atauliza: imekuwaje? Mtu aliyeshauriana na maulamaa wa Al-Azhar juu ya mchezo wake, aliingiaje katika biashara ya kuonyesha wasichana wakichomwa visu gizani? Jibu halimo katika fedha peke yake, ingawa fedha zina sehemu yake kubwa.

MSAHAFU NA DOLA 200

Akkad alizaliwa Halab mwaka wa 1930. Baba yake alikuwa mtu wa forodha. Kijana alipopata nafasi ya kwenda kusomea sinema Marekani, mzee hakuwa na mali ya kumpa. Alimtia mkononi dola 200 na Msahafu, akamruhusu aende. Kijana akasoma California, akakaa huko huko, na ndoto yake ikawa kuwaonyesha Wamagharibi Uislamu ulivyo.

Ndoto hiyo ilimtoa jasho. Alianza kuipiga "The Message" huko Morocco, lakini kwa shinikizo la kutoka Saudi Arabia ikambidi afunge virago ahamie Libya, alikopewa msaada na Kanali Gaddafi. Aliitengeneza mara mbili, kwa Kiingereza na kwa Kiarabu, kila tukio likichezwa na kundi moja la waigizaji kisha na jingine. Mtume Muhammad (S.A.W.) haonekani ndani yake wala sauti yake haisikiki. Juu ya hayo, uvumi ulienea kwamba Quinn ndiye aliyeigiza nafasi ya Mtume. Machi 1977 watu wenye silaha wa kundi la Hanafi waliyavamia majengo matatu mjini Washington, wakashika mateka wapatao 150, na miongoni mwa madai yao ni kwamba picha hiyo isionyeshwe. Mwandishi mmoja wa redio aliuawa. Mabalozi wa Misri, Pakistan na Iran ndio walioingia kati hadi mateka wakaachiliwa. Hivyo ndivyo picha iliyokusudiwa kuondoa dhana mbaya ilivyoingia Marekani na nuksi.

Wakati huo huo bwana mmoja, Irwin Yablans, mwenye kampuni ndogo ya kusambaza picha, alikuwa na wazo rahisi: muuaji awawinde wasichana wanaoachiwa watoto wa watu kuwalea usiku. Wamarekani wana desturi hiyo. Baba na mama wanapotoka, mwanafunzi wa jirani huitwa kukaa na watoto kwa ujira mdogo. Yablans alikuwa amemwona kijana mwenye kipaji, John Carpenter, aliyekuwa hajafika bado miaka 30. Akasema pia mambo yote yatokee katika usiku mmoja, wa tarehe 31 Oktoba, ambao watoto wa Marekani huvaa vinyago na kupita mlango kwa mlango wakiomba peremende. Hiyo ndiyo Halloween yenyewe. Usiku ambao kila mtu amevaa kinyago, nani atamshuku mwenye kinyago?

Akkad alieleza baadaye kwamba mambo mawili yalimshawishi kutoa fedha. La kwanza, Carpenter alimkalisha akamsimulia hadithi nzima kwa mdomo, tukio baada ya tukio, na mwenye fedha akaingiwa na hofu akiwa amekaa kitini mchana. La pili, kijana hakutaka mshahara mkubwa. Alichukua dola 10,000 kwa kuandika, kuongoza na kutunga muziki, pamoja na fungu katika faida. Akkad akatoa kiasi cha dola 300,000. Picha yake ya Omar Mukhtar, iliyokuja baadaye, iligharimu kiasi cha dola milioni 35, yaani zaidi ya mara mia moja.

KINYAGO CHA CHINI YA DOLA 2

Anayetaka kujua umaskini unavyoweza kumfaa fundi aitazame picha hii. Ilipigwa kwa muda wa siku 20 hivi, katika majira ya kuchipua ya 1978, California. Hadithi inasema ni Oktoba, katika mji wa kubuni uitwao Haddonfield, jimbo la Illinois, ambako miti hupukutisha majani wakati huo. California kila kitu kilikuwa kibichi. Basi wakapaka rangi majani makavu, wakayamwaga barabarani, wakapiga picha, kisha wakayakusanya tena kwa ajili ya tukio linalofuata. Mwenye macho makali ataona minazi, au miti iliyo jamaa ya minazi, ikichungulia nyuma ya nyumba za Illinois!

Kinyago cha muuaji kilinunuliwa dukani kwa bei isiyofika dola 2. Kilikuwa kinyago cha mpira chenye sura ya Kapteni Kirk, yule wa mchezo wa televisheni wa "Star Trek". Waliking'oa nywele za mashavuni, wakayapanua matundu ya macho, wakakipaka rangi nyeupe. Sura ya mtu anayependwa na watoto ikawa sura isiyo na mtu ndani. Aliyekivaa, Nick Castle, rafiki wa Carpenter tangu chuoni, alilipwa dola 25 kwa siku, na katika orodha ya waigizaji ameandikwa kuwa ni "Umbo" tu.

Msichana mkuu, Laurie, alipewa Jamie Lee Curtis, ambaye hiyo ilikuwa picha yake ya kwanza ya sinema. Mama yake, Janet Leigh, ndiye yule aliyeuawa bafuni katika "Psycho" ya Alfred Hitchcock mwaka wa 1960, tukio ambalo wengi hulihesabu kuwa chanzo cha ukoo wote wa picha za visu. Baina ya hizo mbili zilikuwako nyingine, kama "The Texas Chain Saw Massacre" na ile ya Wakanada, "Black Christmas", zote za 1974. Carpenter hakuanzisha jambo lisilokuwako. Alichofanya ni kulipunguza mpaka likabaki mfupa.

Debra Hill naye asisahauliwe. Yeye aliandika pamoja na Carpenter, akawa mtengenezaji, na mazungumzo ya wasichana wale, wanaocheka na kutaniana wakitoka shuleni, ni kazi yake. Kwa sababu yake wale wanaokufa ni watu, si magogo.

YASIYOONYESHWA

Picha yaanza mwaka wa 1963. Twaiona nyumba kwa nje, kisha twaingia ndani, twachukua kisu jikoni, twapanda ngazi, twamkuta msichana chumbani. Nasema "twa" kwa kuwa kamera imewekwa mahali pa macho ya muuaji, na kwa dakika nne hivi hatuoni mwingine wa kumtupia lawama. Mambo yanapokwisha tunatoka nje, wazazi wanateremka garini, mkono unamvua muuaji kinyago. Ni mtoto wa miaka sita, Michael Myers, na aliyemuua ni dada yake.

Baada ya miaka 15 anatoroka hospitali ya wagonjwa wa akili na kurudi mjini kwao. Kwa muda mrefu hafanyi kitu ila kusimama. Anasimama kando ya ua, nyuma ya nguo zilizoanikwa, ng'ambo ya barabara mchana kweupe. Laurie anamwona kupitia dirisha la darasa wakati mwalimu akifundisha juu ya kadari, jambo lililomkalia vizuri Carpenter, kwani kisa chake chote kimejengwa juu ya lile lisilokwepeka.

Damu ni chache mno. Katika picha nzima Myers anaua watu watano, na mmoja wao twaona maiti yake tu. Mtu aliyezizoea picha za siku hizi atadhani wamemkatia sehemu. Hofu haiko kwenye jeraha. Iko pembeni mwa picha, mahali penye giza ambapo jicho linakwenda kutafuta na halipati kitu. Bibi zetu waliosimulia hadithi za mazimwi usiku walilijua hili bila ya kwenda chuo chochote. Zimwi halikuelezwa lina pembe ngapi. Bibi alishusha sauti tu, akatazama mlangoni.

Na hapa ndipo ninapodhani Akkad alielewa alichokuwa akisimuliwa. Alikuwa ametoka kumaliza picha ya muda wa saa tatu ambayo mhusika wake mkuu haonekani hata mara moja, na watazamaji walilia. Tusichanganye mambo: kule kuficha ni adabu, huku kuficha ni hila, na hadhi zake haziwekwi mizani moja. Lakini mtu aliyejifunza jinsi fikra za mtazamaji zinavyofanya kazi pale jicho linaponyimwa, hakuhitaji kuelezwa mara mbili.

Lililobaki lilifanywa na muziki. Carpenter aliwahi kumwonyesha picha mkubwa mmoja wa kampuni ya sinema kabla ya kuiwekea sauti, na mkubwa huyo hakuogopa hata kidogo. Ndipo akakaa akatunga ule mlio wa piano, kwa mdundo wa hesabu ya tano badala ya nne, mdundo aliofundishwa utotoni na baba yake kwa ngoma za bongo. Sikio linangoja pigo litue mahali pa mazoea, nalo halitui.

Tukio la mwisho ndilo ninalolirudia. Laurie, aliyejificha kabatini, amekwisha kujitetea kwa sindano ya kufumia, kwa waya wa kutundikia nguo, na kwa kisu cha muuaji mwenyewe. Daktari Loomis anafika, anampiga Myers risasi sita, anaanguka kutoka ghorofani. Daktari anachungulia chini: nyasi tupu. Kisha picha inatuzungusha katika mahali pote tulipopita, ngazi, sebule, barabara, hakuna mtu popote, na pumzi zake zinasikika ndani ya kinyago. Ikaishia hapo.

WALIOFUATA

"Halloween" ilianza kuonyeshwa Kansas City tarehe 25 Oktoba 1978. Kampuni kubwa hazikuitaka, kwa hiyo ilitembezwa mji kwa mji, na sifa zikaenezwa na watu wenyewe. Mhakiki Roger Ebert aliipa daraja la juu kabisa. Ikaingiza kiasi cha dola milioni 47 Marekani peke yake na milioni 70 dunia nzima. Mwaka wa 2006 iliingizwa katika orodha ya picha zinazohifadhiwa na Maktaba ya Bunge la Marekani.

Fedha nyingi kutoka mtaji mdogo ni harufu inayofika mbali. Mei 1980 ikatoka "Friday the 13th", ambayo waliyoitengeneza hawakuficha kwamba walikuwa wakiifuata "Halloween". Ikaleta karibu dola milioni 40. Zikaja kwa makundi, kila moja na sikukuu yake, kila moja na chombo chake cha kuulia. Mwaka wa 1984 Wes Craven akatoa "A Nightmare on Elm Street", ambayo angalau ilikuwa na wazo lake yenyewe, muuaji anayeingia ndotoni. Mwaka wa 1996 Craven huyo huyo akatoa "Scream", ambamo vijana wamekaa wakiitazama "Halloween" katika kanda ya video na kuhesabu kanuni za kubaki hai, huku muuaji akiwa nyumbani humo humo.

Wengi wa waliofuata waliuchukua umbo wakaiacha siri. Waliona kisu, wakadhani kisu ndicho kilichowatisha watu. Basi wakaongeza visu. Hata Carpenter hakupona. "Halloween" ya pili, ya 1981, ina damu zaidi, na ndiyo iliyoeleza kwamba Laurie ni dada mwingine wa Myers, jambo ambalo Carpenter, aliyeliandika, alikiri baadaye kuwa lilikuwa kosa. Waswahili husema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Myers wa kwanza ni zimwi lisilomjua mtu, na hata alipomjua, yule dada yake wa kwanza, hakumbakisha. Ukishampa sababu ya kuua umempunguza, amekuwa mhalifu kama wahalifu wengine. Picha mpya ya 2018 iliifuta habari hiyo ya udugu, na naona ilifanya vyema.

Wapo pia wasomi waliolitazama jambo hili. Mwaka wa 1992 Carol Clover, mwalimu wa chuo kikuu huko California, alichapisha kitabu kinachozungumzia yule msichana wa mwisho, anayebaki hai wenzake wakiwa wameangamia. Wengine husema kanuni ni ya maadili: wasichana wenye tabia mbaya hufa, mwenye haya huokoka. Mzazi wa kwetu huenda akaipenda tafsiri hiyo. Carpenter ameikana, na nadhani asadikiwe. Laurie anaokoka kwa sababu ni yeye peke yake anayetazama dirishani. Rafiki zake wameshughulika na simu, na wavulana, na bia. Yeye ameliona lile umbo tangu asubuhi, na hakuna anayemsadiki.

HARUSI YA AMMAN

Turudi kwa mwenye fedha. "Lion of the Desert" ilipotoka 1981 ilipata hasara kubwa mno, na Italia waliizuia kwa miaka mingi isionyeshwe. Carpenter akaenda zake. Akkad akabaki na Myers, akawa mtengenezaji wa kila picha ya mfululizo huo hadi ya nane, mwaka wa 2002. Wakati wote huo alikuwa akitafuta fedha za kutengeneza picha ya Salahuddin Ayyubi na vita vya msalaba, na Sean Connery ndiye aliyekusudiwa kumwigiza. Hakuzipata. Dunia ilikuwa tayari kumpa fedha za kinyago cheupe kila alipozitaka. Za Salahuddin, hapana.

Kuna wanaosema chumo la namna hiyo lina walakini. Suala hilo lina wenyewe, nami si mwenye kutoa fatwa. Nitasema tu kwamba sijaona mahali alipojaribu kuificha "Halloween" ili asifiwe kwa "The Message", wala kuificha "The Message" mbele ya watu wa Hollywood.

Novemba 2005 alikwenda Amman, Jordan, kuhudhuria harusi pamoja na binti yake, Rima. Jioni ya tarehe 9 watu waliojifunga mabomu walijilipua katika hoteli tatu za mji huo, wakaua watu wapatao 60, wengi wao Waislamu waliokuwa katika furaha. Rima alifariki siku ile. Baba yake alifariki kwa majeraha baada ya siku mbili, akiwa na umri wa miaka 75. Wauaji wale hawakuvaa vinyago.

Kazi ilishikwa na mwanawe, Malek. Mwaka wa 2018, mwezi wa Juni, "The Message" iliyosafishwa upya ilionyeshwa katika majumba ya sinema ya Saudi Arabia kwa mara ya kwanza, miaka 42 baada ya kutengenezwa. Mwezi wa Oktoba ikatoka "Halloween" mpya, Malek akiwa mmoja wa watengenezaji wake. Ndani yake Jamie Lee Curtis, sasa ana mvi na miaka 59, amefunga makomeo nyumba nzima, ameshika bunduki, anamngoja yule aliyetoweka kwenye nyasi.